Mawe ya Walsingham



Tarehe 24 Septemba Kanisa Katoliki nchini Uingereza huadhimisha sikukuu ya Bikira Maria wa Walsingham. Katika kalenda yetu haimo, wala sitashangaa ikiwa wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo. Hata mimi, pamoja na miaka yote ya seminari na mitihani ya Historia ya Kanisa, nililijua kama mstari mmoja tu wa daftari: mahali pa hija palipobomolewa na Mfalme Henry VIII. Mstari huo niliukariri, nikaujibia mtihani, nikausahau.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi cha kule, niliombwa kumshikia nafasi paroko mmoja wa Uingereza aliyekuwa likizo. Waamini wa parokia ile, wengi wao wauguzi waliotoka Kerala, Ufilipino, Nijeria na wachache kutoka kwetu Afrika Mashariki, walikuwa wamekodi basi kwenda hija Walsingham, nao wakaniomba niwasindikize. Nilikubali kwa shingo upande. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimekusudia kupumzika.

Walsingham ni kijiji cha mkoa wa Norfolk, mashariki ya Uingereza, si mbali na bahari. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Barabara zinazokiendea ni nyembamba, zenye vichaka pande zote mbili, na dereva wetu alilazimika mara mbili kurudi nyuma ili kupisha trekta. Basi lilitushusha maili moja kabla ya kijiji, penye kikanisa kidogo cha mawe ambacho watu wa huko hukiita Kikanisa cha Viatu. Kilijengwa katika karne ya 14 kwa heshima ya Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, kikiwa kituo cha mwisho cha mahujaji. Simulizi husema kwamba hapo ndipo walipovua viatu, wakatembea pekupeku maili ile iliyobaki. Mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Bukoba, aliponiona nimeanza kuondoka na viatu vyangu alinivuta mkono taratibu: "Baba Padre, hapa tunavua." Nikavua. Lami ya Uingereza, ndugu zangu, ina kokoto kali kuliko nilivyodhani.

Tulipokuwa tukitembea na kusali Rozari, nilijaribu kuukunjua ule mstari wa daftari langu. Mapokeo husema kwamba mwaka 1061 mama mmoja mwenye ardhi, Richeldis de Faverches, alipata maono mara tatu. Bikira Maria alimpeleka kiroho Nazareti, akamwonyesha nyumba alimopashwa habari na Malaika Gabrieli, akamwagiza achukue vipimo vyake na kujenga nyumba ya namna hiyo Walsingham. Mafundi walihangaika bila mafanikio, mpaka usiku mmoja, mama akiwa katika sala, nyumba ikahamishwa na kusimamishwa mahali pengine. Wanahistoria wengi wa leo wanaona kwamba Richeldis aliishi baadaye kidogo, katika karne ya 12, kwa kuwa hati za Geoffrey, aliyeikabidhi nyumba ile kwa watawa, ni za wakati huo. Mimi sipati taabu na jambo hilo. Kilicho wazi ni kwamba kufikia mwaka 1153 hivi Wakanoni wa Mtakatifu Augustino walikuwa wamekwisha kuweka makao yao pale, na kwamba kila aliyefika alikuta nyumba ndogo ya mbao, iliyotunzwa ndani ya jengo la mawe kama yai ndani ya kiota.

Ukubwa wa nyumba hiyo tunaujua. Mwaka 1479 msafiri aitwaye William Worcester aliipima akaandika vipimo vyake: kwa hesabu yetu ni kama mita 7 kwa urefu na pungufu kidogo ya mita 4 kwa upana. Nilisimama nikawaza. Hicho ni chumba na sebule. Nyumba za namna hiyo nimeingia mamia ya mara kupeleka Komunyo kwa wagonjwa: unainama mlangoni, unakalishwa kwenye kigoda pekee kilichopo, kuku wanafukuzwa. Basi kwa ajili ya chumba na sebule, watu wa Enzi za Kati walivuka nchi nzima kwa miguu. Wafalme walikuja, Henry III alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1226, na baada yake karibu wafalme wote wa Uingereza. Wafransisko walifungua nyumba yao mwaka 1347. Kijiji kikakua kwa kuwahudumia mahujaji: nyumba za kulala wageni, wauza mishumaa, na mafundi waliosubu beji ndogo za risasi zenye picha ya Kupashwa Habari, ambazo mahujaji walizishona kwenye kofia. Beji hizo bado huokotwa katika mashamba na tope za mito ya Norfolk.

Nisiwapambie habari. Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni na padre, alifika mwaka 1512, na baadaye akaandika kwa kejeli kali juu ya mambo aliyoyaona: dhahabu, fedha na vito vinavyometa gizani, na chupa iliyosemekana kuwa na maziwa ya Bikira Maria. Sisi mapadre hupenda kuipita habari hiyo haraka. Lakini Erasmus hakuwa adui wa Mama wa Mungu. Yeye mwenyewe alimwachia pale utenzi wa Kigiriki. Alichokiona ni kwamba ile nyumba ya Nazareti, nyumba ya fukara, ilikuwa imezikwa chini ya mali. Waliokuja kuibomoa hawakuwa wa kwanza kuisahau.

Mwaka mmoja kabla ya Erasmus, yaani mwanzoni mwa 1511, alikuja Henry VIII mwenyewe, kijana wa miaka 19, kushukuru kwa kuzaliwa mtoto wake wa kiume. Yasemwa kwamba naye alitembea pekupeku. Mtoto yule alifariki hata miezi miwili haijatimia. Kwa miaka mingi mfalme aliendelea kulipia mshumaa uwake mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Mkewe Katarina wa Aragon, aliyekuja kuachwa, alipokaribia kufa mwaka 1536 aliomba katika wosia wake mtu mmoja aende Walsingham kuhiji kwa niaba yake, na njiani agawe sadaka kwa maskini.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1537, ilipokwisha kujulikana kwamba nyumba za watawa zinafungwa moja baada ya nyingine, baadhi ya wanakijiji walikutana kwa siri kupanga jinsi ya kuzuia. Walisalitiwa. Watu 11 waliuawa kwa kosa la uhaini. Wawili kati yao, mtawa Nicholas Mileham, aliyekuwa msaidizi wa mkuu wa nyumba, na mlei George Guisborough, waliuawa palepale Walsingham, mbele ya majirani zao. Mkuu wa nyumba mwenyewe, Richard Vowell, alikuwa upande wa wakubwa. Mwezi Agosti 1538 aliikabidhi nyumba bila ubishi, akapewa kiinua mgongo cha pauni 100 kila mwaka. Kiwanja cha nyumba ya watawa, pamoja na makaburi na bustani yake, kiliuzwa kwa mtu mmoja wa kijiji kwa pauni 90. Yaani posho ya mwaka mmoja ya mtu aliyenyamaza ilizidi bei ya mahali patakatifu. Sanamu ilipelekwa London ikachomwa moto. Na katika vitabu vya malipo ya mfalme kwa mwezi Septemba 1538, kwenye mstari wa mshumaa wa Walsingham, karani aliandika kwamba hakuna kilicholipwa.

Niliposoma habari za Vowell, sikuona raha. Kama padre nikajiuliza ningekuwa nani: Mileham, au Vowell? Jibu tunalipenda kabla hatujaulizwa.

Tuliingia kijijini saa sita, nyayo zikiwaka. Katika uwanja mdogo wa katikati kipo kijumba cha matofali chenye pande nane, cha karne ya 16, kilichofunika kisima cha watu wote. Barabara kuu ina nyumba zilizojengwa kwa fremu za mbao, ghorofa ya juu ikiwa imejitokeza mbele kidogo kuliko ya chini. Nyingine zilivalishwa sura ya matofali katika karne ya 18, hata usipoambiwa hujui kwamba ndani yake mna mbao za Enzi za Kati. Pana pia kituo cha zamani cha treni ambacho Waorthodoksi walikigeuza kuwa kikanisa katika miaka ya 1960, kikawekewa kuba dogo juu ya paa. Sikuwahi kuwaza kwamba ningesali mbele ya picha takatifu mahali palipokatiwa tiketi.

Kanisa kuu la watawa halipo. Limebaki tao moja tu la ukuta wa mashariki, lililokuwa dirisha juu ya altare, refu sana, limesimama peke yake kwenye majani mabichi na kuonyesha mawingu. Mahali pa ile nyumba ndogo pamewekewa alama. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipathibitisha mwaka 1961. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akitutembeza, mkatoliki wa kijiji kile, mawe ya kanisa kubwa namna ile yalikwenda wapi. Alicheka, akaonyesha kwa mkono wake ukuta wa bustani, kisha ukuta wa nyumba, kisha mwingine. "Yamo humu," alisema. "Tunalala ndani yake." Nikaanza kuyatafuta kwa macho. Katikati ya mawe ya gumegume yasiyo na umbo, ambayo ndiyo mawe ya nchi ile, unaona jiwe moja lililochongwa vizuri, mkono wa fundi bado uko juu yake, limeshikilia uzio wa mtu anayepanda maharage.

Waanglikana nao wana madhabahu yao kijijini. Paroko wao Alfred Hope Patten, aliyefika mwaka 1921, aliamuru ichongwe sanamu mpya kwa kufuata muhuri wa watawa wa kale, kwa maana picha ya Mama aliyechomwa moto ilikuwa imesalia kwenye kipande cha nta. Mwaka 1931 alijenga upya nyumba ya Nazareti, na katika kuta zake akapachika mawe yaliyookotwa kutoka magofu ya monasteri mbalimbali za Uingereza. Tulipokelewa kwa ukarimu mkubwa, tukanyweshwa maji ya kisima. Sisi na wao bado hatushiriki meza moja, na pale jambo hilo linauma zaidi kuliko mahali pengine popote nilipofika.

Lakini kitu kilichonishika zaidi kiko katika kanisa la parokia ya kijiji, ambalo tangu Matengano ni la Waanglikana. Ni kisima cha ubatizo cha karne ya 15, cha mawe, chenye pande nane. Pande saba zimechongwa Masakramenti saba, na upande wa nane Msalaba wa Bwana. Yupo padre na mtoto wa kubatizwa, wapo maarusi, yupo mgonjwa kitandani akipakwa mafuta. Kila kazi niliyoifanya tangu nilipopewa daraja imo katika duara lile la mawe. Nyuso za baadhi ya sanamu hazitambulikani tena. Kisima kile kilipita salama katika miaka ambayo kufundisha Masakramenti saba kulikatazwa nchini. Usiku wa tarehe 14 Julai 1961 kanisa lote liliungua moto, likabaki kuta na mnara, kisima kikabaki. Kanisa lilijengwa upya likafunguliwa mwaka 1964, na watoto wakaendelea kubatizwa humo.

Nilikizunguka mara tatu. Wenzangu walidhani ninasali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo nilikuwa sijataka kulikumbuka, nitawaeleza.

Jioni tulirudi Kikanisa cha Viatu kwa Misa Takatifu, na hapo ndipo nilipoijua sehemu ya mwisho ya historia yake. Baada ya 1538 kikanisa kile hakikubomolewa, kwa sababu kilifaa kwa matumizi. Kikawa ghala, kikawa zizi la ng'ombe. Zaidi ya miaka 300 mahali palipovuliwa viatu palitandikwa nyasi za mifugo. Katika karne ya 19 alikuwapo mwanamke mmoja Mwanglikana, Charlotte Pearson Boyd, aliyeanzisha kituo cha yatima jijini London na aliyetamani kununua tena, kwa fedha zake, nyumba za kale za watawa na kuzirudishia sala. Alipokuwa katika mazungumzo ya kulinunua zizi hilo, mwaka 1894, alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1896 ununuzi ukakamilika, akalikarabati, akalikabidhi kwa watawa Wabenediktini. Tarehe 20 Agosti 1897 kikundi kidogo cha mahujaji kutoka mji wa King's Lynn kilifika hapo kusali. Hata hivyo Misa haikurudi mara moja. Bibi Boyd alifariki mwaka 1906 bila kuona hija kubwa yoyote. Ilikuwa mwaka 1934 ndipo Kardinali Francis Bourne alipokitangaza kikanisa kile kuwa madhabahu ya kitaifa, mbele ya mahujaji wapatao 10,000. Mwaka 1948, vita vikuu vikiwa vimekwisha, wanaume walibeba kwa miguu misalaba 14 mizito ya mbao kutoka pande mbalimbali za nchi kuombea amani. Misalaba hiyo bado imesimama uwanjani. Mwaka 1982 sanamu yake ilipelekwa Wembley, ikawekwa altareni katika Misa ya Papa Yohane Paulo II. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliipa madhabahu hiyo hadhi ya basilika. Hivi sasa Misa za mahujaji wengi huadhimishwa katika kanisa kubwa jirani, ambalo kwa makusudi limejengwa kwa sura ya banda la mashambani.

Naam, sasa lile jambo langu.

Wale wa kigango chetu cha mlimani mnakumbuka kanisa la zamani, la matofali mabichi, lililojengwa na makatekista wa kwanza. Ndani yake, kushoto, kilikuwapo kisima cha ubatizo cha saruji, kibaya kwa macho, kimepinda, na pembeni yake mtu alikuwa amechora njiwa kwa kidole saruji ingali mbichi. Njiwa yule alifanana zaidi na kanga. Tulipoanza kujenga kanisa jipya, mimi ndiye niliyetoa amri ya kubomoa. Sikuita kikao cha halmashauri. Nilisema kiwanja kinahitajika na mvua zinakaribia. Bibi mmoja mzee, ambaye wengi mnamfahamu nami sitamtaja, alinijia asubuhi ile akanisalimu Tumsifu Yesu Kristo, akaniomba kitu kimoja tu: kile kisima kisivunjwe. Alibatizwa humo, na watoto wake wote sita, na wawili kati yao walizikwa kutoka kanisa lile. Nilimjibu, "Bibi, tunawaletea kipya cha marumaru." Nilikuwa na haraka ya kwenda mjini kufuata nondo.

Niliporudi kutoka Uingereza, Jumapili ya kwanza niliyopanda kigangoni nilimtafuta msimamizi wa ujenzi nikamuuliza kile kisima kilitupwa wapi. Nilikuwa na matumaini kwamba kipo nyuma ya nyumba ya mtu, kinanyweshea mbuzi, na kwamba ningeweza kukirudisha kama Bibi Boyd. Alinitazama kwa mshangao. "Baba Paroko, kokoto zilitupungukia. Tulikiponda, tukakimwaga kwenye zege la sakafu."

Baada ya Misa nilimwendea bibi. Nilimwomba msamaha, nikasema maneno mengi kuliko ilivyohitajika, kama tulivyo mapadre. Nikamwambia kilipokwenda kisima chake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, Baba," akasema. "Nilikuwa nawapelekea vijana uji siku wanamwaga zege. Niliona walipokimwaga." Akaelekeza fimbo yake chini, karibu na nguzo ya tatu upande wa kushoto, mahali anapoketi kila Jumapili. Siku zote nilidhani anapapenda kwa sababu ya upepo wa dirishani.